Mkono Uliooshwa kwa Ndimu

Juzi tumemzika Wabiwa. Kabla ya kumzika tulimwosha, sisi wanawake, katika chumba chake cha nyuma kule Kadutu, dirisha limefunikwa kitenge. Mimi nilipewa upande wa kushoto kwa sababu nilisema nautaka, na bibi kizee wa umri wangu akisema anataka kitu, nani atabishana naye? Walikuwa wamekamulia ndimu ndani ya maji ili chumba kinukie vizuri. Ile harufu iliponifikia puani, nikataka kukimbia, mimi mwenye wajukuu na vitukuu. Nikafika juu ya mkono, karibu na bega, na kitambaa kikasimama. Kovu lilikuwa pale, la mviringo, limebonyea katikati, ngozi yake nyembamba yenye vikunjo. Ninyi wa umri wangu mnalo pia, msijifiche.

Binti yake wa kwanza, aliyekuwa ameshika beseni, akaniona nimeganda. "Mama," akaniuliza kwa sauti ya chini, "ile kovu njo ile yenu?"

Nikashtuka kusikia akiuliza kama ndiyo ile yetu. Sikujua kama Wabiwa aliwahi kuwasimulia watoto wake. Nikamjibu tumalize kwanza kazi, maneno yatakuja baadaye. Lakini akili yangu ilikuwa imeshaondoka chumbani, imerudi kwenye uzio wa matete uliotenganisha nyumba yetu na yao.

Wakati ule nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, basi mjue nilikuwa na umri gani. Papa, yaani baba yangu, alikuwa shofa wa kamyo, dereva wa lori, kwenye njia ya Shabunda, na tulimwona mara chache, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nyumbani tulikuwa mimi, mama, na mama yake papa, ambaye tulimwita Tate. Tate alikuwa na uso wenye mashimo mashimo, paji la uso, mashavu, hata masikio. Mimi niliuona kuwa uso wa kawaida wa mzee. Nilidhani watu wote wakizeeka ngozi inatoboka hivyo, na nilikuwa nikijipapasa mashavu kuona kama yangu yameanza.

Mama alitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na watu walikuja kuinywa uani kwetu saa za jioni kabla ya giza. Alikuwa mzuri, mama yangu, tena alijua kuwa ni mzuri. Kwa majirani zetu Warega hakuwa na moyo mkubwa. Aliwaita watu wa pori. Mama yake Wabiwa naye alisema Bashi, yaani sisi, wanajivunia ng'ombe hata wale wasio na mbuzi, na hapo alitupata vizuri, maana sisi hatukuwa hata na kuku. Lakini kasiksi haina kabila. Tonton yake Wabiwa, mjomba wake, alipofika kutoka kwenye machimbo ya dhahabu kule Shabunda, mama alimkaribisha uani, akampa kibuyu chake mwenyewe cha kuonjea. Yule tonton alikuwa anatetemeka kwa homa. Alikunywa, akaweka kibuyu chini, mama akakiokota, akaonja mtungi mwingine.

Baada ya siku chache tukasikia kilio upande wa pili wa matete. Gadi wa afya walikuja na machela, wakamtoa tonton amefunikwa blanketi, wakamchukua kwenda lazareti, ile nyumba ya wagonjwa iliyojengwa mbali na watu. Mkeka wake waliuchoma pale pale njiani. Upepo ulipogeuka, moshi ukaingia kwetu, na mama akafunika mitungi yake yote kama mwendawazimu. Tonton hakurudi. Watu wa Kadutu hawakulitaja jina la ule ugonjwa. Walisema tu "ile kitu". Mimi nilijua jina lake kwa sababu Tate alilisema waziwazi, akisonga ugali, bila kugeuka: "Ni ndui."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyepita mbele ya nyumba ya Wabiwa. Watu walizunguka kwa nyuma, kwenye matope. Nilikuwa namwona Wabiwa kupitia tundu la matete amekaa peke yake kizingitini, anachora chini kwa kijiti. Nilikuwa nacheza naye zamani. Sasa nilimtazama na kuondoa jicho haraka, nikiogopa ndui isije ikapita hata kwenye kuangaliana.

Halafu tukaitwa wote uwanjani, karibu na shule. Kulikuwa na mstari mrefu, watoto wanalia, gadi wanapiga kelele, na kule mwisho munganga mmoja, mtu wetu mweusi mwenye koti jeupe, meza yake ndogo, taa ndogo ya alkoli inayowaka mchana kweupe. Mstari huo ulikuwa na pengo. Nyuma ya Wabiwa na mama yake hakuna aliyekubali kusimama. Gadi akaona, akakasirika, akanishika mimi begani na kunisukuma ndani ya pengo. "Songa! Mutoto, songa!" Mama alikuwa nyuma yangu, akanivuta gauni nisigusane na Wabiwa.

Munganga alizungumza na kila kundi, sauti imemkauka. "Hapana ogopa. Hii dawa inatoka ku ngozi ya ndama. Ndani yake kuko kaugonjwa kadogo, ndugu mudogo ya ndui. Mwili itapigana naye, itamushinda, itajua sura yake. Siku ile ndui mukubwa itakuya, mwili itasema: weye, nakujuaka, toka hapa! Sasa musikie vizuri. Musifute. Musioshe. Muache mukono ikauke yenyewe, na hewa."

Mimi sikusikia hata nusu. Nilikuwa natazama mkono wa Wabiwa. Munganga aliweka tone la dawa, akachanja ngozi kwa kachuma kenye ncha kama ya kalamu ya shule, na damu ikatoka kidogo, nyekundu, ikachanganyika na dawa. Akapitisha kale kachuma kwenye moto wa taa. Halafu akanishika mimi mkono. Kale kachuma kalikuwa bado na joto kalipoingia kwenye ngozi yangu.

Mama yangu we! Nilikuwa najua kile walichonifanyia. Kwetu Bushi kuna kitu kinaitwa cihango. Tate alikuwa amenisimulia mara nyingi. Marehemu mume wake alifanya cihango na rafiki wa Bunyakiri: kisu kinapitishwa motoni, unachanjwa, naye anachanjwa kwa kisu hicho hicho, damu yake inaingia kwako na yako kwake. Toka hapo mmekuwa mtu mmoja. Huwezi kumnyima chakula. Huwezi kumfungia mlango. Likimpata jambo, limekupata wewe. Na ukimsaliti, tumbo linavimba, linavimba, mpaka unakufa. Sasa mbele ya watu wote wa Kadutu, kwa moto na kwa chuma, nilikuwa nimefungwa cihango na mtoto wa nyumba ya ndui.

Sikulia. Nadhani hofu ilikuwa kubwa kuliko machozi. Niliondoka pale nimenyoosha mkono mbele yangu kama kitu cha mtu mwingine.

Tulipofika nyumbani, mama akafunga mlango. Alikuwa na ndimu tayari, amezikata kabla ya kutoka. Akanikamata mkono, akasugua ndimu kwenye mchanjo mpaka nikaruka, akamwaga maji, akasugua tena kwa majivu. Halafu akafanya vivyo hivyo kwa mkono wake mwenyewe, akiuma meno. Tate alisimama pembeni.

"Munganga alisema muache ikauke," Tate alimwambia.

"Munganga haiko mama ya huyu mutoto," mama akajibu. "Kule kwetu niliona mutoto wa dada yangu. Alikuwa muzima. Bakamuchanja, mukono ikavimba, kiisha akakufa. Banaleta ugonjwa pahali haiko. Mimi mutoto wangu hapana."

Ni lazima niseme ukweli juu ya mama: hakuwa mjinga, alikuwa na hofu. Alikuwa amewazika watoto wawili kabla yangu. Alinishika ule mkono kwa nguvu kwa sababu ndio mkono pekee aliobaki nao wa mtoto.

Lakini mimi sasa nilikuwa mahali pabaya zaidi. Kama cihango kimeshika, ndui ya kwao itanijia. Kama ndimu ya mama imekitoa, basi nimemsaliti Wabiwa, na tumbo litavimba. Nilihesabu huku, nikahesabu kule, pote kulikuwa na kaburi langu. Tumbo likaanza kuniuma kweli. Kila nikiamka nalipapasa, na mnajua matumbo yetu watoto yalivyokuwa wakati ule, ya maharage na minyoo, kwa hiyo kila asubuhi niliona limeongezeka. Sikumwambia mtu.

Mkono wangu ulipona haraka, ukabaki mchubuko tu wa ndimu. Wa Wabiwa haukupona. Kupitia tundu la matete niliona ukiwa mwekundu, halafu likatoka lengelenge kubwa lenye kitovu katikati. Mama naye aliliona. "Unaona?" akaniambia, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. "Bamemupa ndui. Ingekuwa weye."

Munganga akarudi kukagua mikono, nyumba kwa nyumba. Kwa Wabiwa nilimsikia akisema, "Vizuri sana! Imeshika!" Vizuri sana? Nilidhani amechanganyikiwa. Alipofika kwetu alinigeuza mkono kwenye mwanga, akakunja uso. "Hapa haikushika." Akamtazama mama, na mama akatazama mtungi. Akatafuta katika sanduku lake, akanusa, akatikisa kichwa. Jua lilikuwa limeiharibu dawa yote iliyobaki. "Nitarudia huyu na mama yake dawa mupya ikifika. Mubakie hapa hapa."

Haikushika. Nililishika neno hilo, likanimaliza. Basi ni kweli, cihango kimeoshwa, mimi ni msaliti.

Nilingoja mchana, mama ameenda sokoni na Tate yuko kwenye kashamba kake kando ya mto. Nikachukua wembe wa papa, nikapita chini ya matete kwa tumbo. Wabiwa alikuwa kizingitini, ule mkono amekaa nao mbali na mwili wake, analia bila sauti. Mama yake alikuwa ndani amelala. Wabiwa aliponiona aliruka nyuma.

"Toka! Batakupiga!"

"Nipe damu yako," nikamwambia.

"Damu ya nini?"

Nikamweleza cihango, haraka haraka, kisu, moto, tumbo. Alinisikiliza na machozi yake yakasimama mashavuni. "Kwenu banakunywaka damu?" akauliza. "Na bado munatuita batu ba pori!"

Hata katika hofu ile niliona haya. Nikamwambia si lazima kunywa, munganga alianzia mkononi na sisi tutamalizia mkononi. Nikajikata pale pale kwenye mchubuko wa ndimu. Ilitoka damu. Halafu tukaweka mkono juu ya mkono, tukasugua, na lengelenge lake likapasuka. Alipiga kelele kidogo. Mimi nikatazama.

"Hii haiko damu. Ni maji."

"Njo hiyo tu iko," akasema kwa hasira. "Unataka ao hutaki?"

Nikaisugua ndani ya mkato mpaka ikaisha. Alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. "Hauogope?" akauliza.

"Naogopa sana."

"Na kama nikikufa?"

"Na miye nakufa," nikamwambia. Ndivyo sheria ilivyosema. Nilimwambia kwa uchungu, kama mtu anayelalamika. Lakini Wabiwa akapangusa pua, akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu wamchukue tonton wake. Nikapita tena chini ya matete nikijiuliza ana akili gani huyu mtoto wa Kirega, unamwambia kifo naye anacheka.

Tumbo liliacha kuuma siku ile ile. Ningefurahi, lakini siku chache baadaye mama alilala na asubuhi hakuweza kuinuka. Homa ilimwangusha, mgongo ukamuuma hadi akatambaa. Na mkono wangu ulikuwa umeanza kuvimba. Nilivaa trikoti, sweta ya papa yenye mikono mirefu, nikasema nasikia baridi, na kweli nilisikia baridi. Vipele vilipotokea kwenye uso wa mama, mimi nilijua kitu kimoja tu. Nimeileta mimi. Nimeipitisha chini ya matete, nimeiingiza ndani kwa mkono wangu. Kibuyu cha tonton hakikunijia akilini, kwani mtoto anajuaje?

Tate alimtazama mama usoni, akamfungua viganja kuvitazama, akafunga mlango wa chumba cha nyuma. Majirani aliwaambia kwamba mama ameenda Kavumu kwa dada yake mwenye uzazi. Aliogopa gadi. Aliyeingia lazareti alitoka maiti ndani ya blanketi, hivyo ndivyo watu walivyoamini. "Weye usiingie huku," akaniambia. "Mimi naingia."

"Na weye haitakukamata?"

Akachukua kidole changu, akakiweka kwenye shimo moja la shavu lake. "Nilikuwa mudogo sawa weye. Ilikula nyumba yetu yote, ikaniacha. Ndui inanijua, na mimi naijua. Haiwezi kunirudilia." Hapo ndipo nilipoelewa kuwa uso wa Tate haukuwa uzee. Nikaondoa kidole. Nikamwogopa siku nzima, Mungu anisamehe, nyanya yangu aliyekuwa anamlisha mama uji kwa kijiko.

Mchana mmoja Tate alienda kuteka maji. Mama akaita kutoka chumbani. Hakuniita kwa jina, aliita tu "maji, maji", na sauti haikuwa yake. Nilisimama mlangoni. Nilijua nikiingia nakufa. Pia nilijua mama akifa kwa kiu, nitamsikia akiita maisha yangu yote. Nikaingia.

Harufu ile siwezi kuisimulia, na wanaoijua hawahitaji kusimuliwa. Uso wa mama haukuwa na mahali pa kuweka kidole. Macho yalikuwa yamefumba kwa usaha. Nilimmiminia maji mdomoni, akanishika mkono, akafikiri mimi ni Tate, hakuniachia. Nikakaa. Nilikaa mpaka usingizi ukanichukua pale pale, kichwa changu kwenye bega lake. Tate alipotukuta hivyo alipiga mapaja yake kwa mikono miwili. "Yo! Yo! Mutoto umejiua!"

Basi tukaanza kungoja. Kila asubuhi Tate alinitoa nje kwenye mwanga, akanitazama paji la uso, ndani ya mdomo, viganja, nyayo, kwa sababu ndiko ndui inakoanzia. Mkono nilikuwa nimeuficha ndani ya trikoti. Mimi nilikuwa natazama macho yake kujua kama nimekufa. Kila mtu alipokohoa njiani tulidhani ni gadi. Nilikuwa na kipele cha mbu shingoni, na Tate alikaa na kile kipele siku mbili, anakiangalia. Kikatoweka.

Haikuja. Magamba ya mama yakaanza kukauka na kudondoka, jicho lake moja likabaki jeupe, na mimi ngozi yangu ilikuwa safi. Nilifikiri mama atafurahi. Siku alipoweza kukaa, nilimpelekea uji. Alinitazama kwa lile jicho moja, usoni, mikononi, usoni tena, kwa muda mrefu. Halafu akavuta blanketi, akasogea ukutani.

"Tate," akaita, "sababu ya nini haikumukamata huyu? Alilala juu yangu. Dawa nilimuosha na mikono yangu mwenyewe. Ni mutoto gani huyu?"

Tate naye hakunikaribia. Wote wawili walikuwa wananitazama, na ninyi mnajua jina linalopewa mtu ambaye kifo kinapita nyumbani kwake na kumwacha yeye. Hawakulisema, ila nililiona. Katika hofu zote za msimu ule, hiyo ndiyo iliyonivunja. Mama yangu alikuwa ananiogopa. Niliweka uji chini, nikatoka, nikakaa karibu na mitungi mitupu ya kasiksi, nikatamani vile vipele. Naam, nilivitamani. Nilimwomba Bikira Maria anipe hata kimoja.

Munganga alitukuta hivyo. Alikuwa ameleta dawa mpya. Tate alianza kusema Kavumu, dada, uzazi, lakini mama mwenyewe akajitokeza mlangoni akijishikilia ukuta. Alikuwa amechoka kujificha. Munganga akamtazama, akapumua, akaangalia ngozi yake mahali kwa mahali. Gamba la mwisho lilikuwa limeshadondoka. Akasema hatampeleka popote, ila mikeka na nguo vichomwe, na kuta zipakwe chokaa. Halafu akaniita mimi, akanivua trikoti ili anichanje.

Akasimama na chuma mkononi. Kovu lilikuwa pale, jipya, la waridi.

"Hapa niliandika kichwani haikushika," akasema. "Nani alimuchanja huyu?"

"Hakuna," mama akasema. "Mimi niliosha. Na ndimu."

Basi nikasema yote. Matete, wembe, cihango, maji ya mkono wa Wabiwa. Nilisema na kamasi na kilio, nikimalizia kwamba ni mimi niliyeleta ndui nyumbani na wanipeleke lazareti. Munganga alikaa chini kwenye mtungi. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mutoto," akasema, "ulijichanja mwenyewe. Ile maji njo dawa. Zamani kule Ulaya banatoaka ile maji ku mukono ya mutu moja, banaweka kwa mwingine, sawa vile ulifanya. Mwili yako ikapigana na ile kadogo, ikajua sura yake. Ndui mukubwa ikafika mu chumba ya mama, ikakuta mulango inafungwa." Akaonyesha Tate kwa kidevu. "Huyu muzee alijifunza sura ya ndui yenyewe, akaponea padogo. Weye ulijifunza sura ya ndugu yake. Lakini wote wawili sasa munaijua." Halafu akamgeukia mama na sauti ikashuka. "Na weye, kama ungeacha ikauke, pengine ingekutetea. Ao ingekuya kidogo tu."

Mama alipiga magoti mbele yangu, pole pole, kwa uchungu wa viungo, akashika mkono wangu palepale alipousugua ndimu. Aliweka shavu lake jipya lenye mashimo juu ya kovu. Tulikaa hivyo mpaka munganga akafunga sanduku na kuondoka.

Hakuomba msamaha siku ile wala siku nyingine. Lakini walipozaliwa wadogo zangu, kila alipoitwa uwanjani mama alikuwa wa kwanza mstarini, na baada ya kuchanjwa alisimama juani akiwapulizia mikono, anapuliza, anapuliza, na atakayemsogelea na kitambaa atakiona cha moto. Uzio wa matete aliukata mwenyewe kwa panga, akafanya mlango. Wabiwa alikula kwetu nami nikala kwao. Tukaolewa, tukazaa, tukazeeka na kugombana, na ule ugonjwa ukaondoka duniani kabisa, ila kovu tulibaki nalo.

Tulipomaliza kumwosha, binti yake akaweka beseni chini. "Mama alitusimulia," akasema. "Alisema batu bote ba Kadutu balikimbia. Mutoto moja tu akapita chini ya matete, akasema: ukikufa, na miye nakufa. Alisema ulikuya kugawana naye kifo ili asikufe peke yake. Maisha yake yote alikuwa anasema vile: sijaonaka mutu mwenye kunipenda sawa ile."

Mimi niliyekuwa naogopa tumbo langu! Miaka yote hiyo tumekaa pamoja, tumesukana nywele, tumezikiana waume, na hakuwahi kuniambia. Nami sikuwahi kumwambia. Nilifungua mdomo nimweleze huyu mtoto jinsi ilivyokuwa. Nikaufunga.

Wengine walikuwa wanapangusa mwili kwa taulo kabla ya kumvika. Mmoja akanyoosha taulo kwenye mkono wa kushoto. Nikamzuia. Nikaomba maji matupu, yasiyo na ndimu, nikaupitishia ule mkono mara nyingine, nikauinua kidogo, nikapuliza.

"Huo musifute," nikawaambia. "Muache ikauke yenyewe."